Cairo, Illinois: mji ulioshuka kutoka watu 15,203 mpaka 1,733, na stori ambayo sensa inaikataa

Kuna mji Marekani unaitwa Cairo, sio ule wa Misri, huu uko ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, pale mto Ohio unapoingia kwenye Mississippi. Ukiuangalia kwenye ramani unajiuliza ulishindwaje kuwa jiji, mana una mito miwili mikubwa ya kubeba mizigo, ng'ambo moja ni Kentucky, ng'ambo nyingine Missouri, reli ilifika tangu miaka ya 1850, kaskazini kuna Chicago na kusini kuna New Orleans. Waliouanzisha waliamini kabisa utakuja kuwa mji mkuu wa biashara wa bara lile. Sensa ya 1920 ilikuta watu 15,203. Sensa ya 2020 imekuta 1,733. Miaka mia moja na karibu tisa kati ya kila kumi hawapo.

Ukitafuta habari zake mtandaoni utakutana na video za magofu, mtu karusha drone juu ya mtaa wa Commercial, majengo ya matofali paa zimedidimia ndani, miti imeota dukani, afu sauti nzito inasimulia kwamba mji ulijiua wenyewe: wazungu walikua wabaguzi, weusi wakasusia maduka yao mwaka 1969, maduka yakafunga, watu wakahama, kwisha. Kuna na toleo la pili la stori hiyo hiyo, la upande wa pili, linasema waliosusia ndo walioua mji. Zinagombana kuhusu nani mkosaji lakini zote zinaandika tarehe ileile ya kifo. Mi naona tarehe imekosewa, na tarehe ikishakosewa basi na mtuhumiwa anakua sie.

Namba zenyewe hizi hapa. Mwaka 1860 walikua 2,188. Mwaka 1870 wakafika 6,267, afu 9,011 mwaka 1880, 10,324 mwaka 1890, 12,566 mwaka 1900, 14,548 mwaka 1910, na 1920 ndo kilele, hao 15,203. Ikashuka 1930 hadi 13,532, ikapanda tena 1940 hadi 14,407, na kuanzia hapo ni mteremko mtupu: 12,123 mwaka 1950, 9,348 mwaka 1960, 6,277 mwaka 1970, 5,931 mwaka 1980, 4,846 mwaka 1990, 3,632 mwaka 2000, 2,831 mwaka 2010, na 1,733 mwaka 2020. Najua namba zikipangwa hivi mtu anaziruka, ila naomba hizi usiziruke, hasa za kati ya 1940 na 1980, kesi nzima iko humo.

Mwanzo wa mji ulikua wa kusuasua. Mwaka 1818 mfanyabiashara mmoja alipata kibali cha kuanzisha mji pale, akafa, na dili likafa nae. Mwaka 1837 ikaja kampuni ya Cairo City and Canal chini ya jamaa anaitwa Darius Holbrook, wakauza bondi mpaka London kwa watu ambao hawajawahi kulikanyaga lile tope, na 1840 hela zikakata, kampuni ikaanguka, watu wakatawanyika. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, Charles Dickens, alipita pale kwa meli mwaka 1842 akapaandika vibaya mno, na ukweli ni kwamba hakupasingizia sana, ni ardhi ya chini yenye maji pande mbili na bila matuta haikaliki. Mpaka leo mji umezungushiwa matuta na kuta za zege, ukiwa mtaani mto huuoni, na upande wa kaskazini kuna geti kubwa la chuma ambalo maji yakizidi linashushwa linaziba barabara.

Kilichouinua ni reli ya Illinois Central, na muda mfupi baadae vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 Cairo ikajikuta ina thamani kubwa kuliko umbo lake, mana iko kusini kuliko hata Richmond, makao makuu ya waasi, lakini imo ndani ya jimbo la Kaskazini. Jenerali wa Kaskazini, Ulysses Grant, akaweka makao yake hapo Septemba 1861, akatokea hapo kwenda kuchukua mji wa Paducah kule Kentucky, na Februari 1862 zikafuata ngome za waasi za Fort Henry na Fort Donelson. Pale mito inapokutana ikajengwa ngome, Fort Defiance. Wenye viwanda vya unga wakauzia jeshi wakatajirika, lile jumba la Magnolia Manor ambalo watalii wanaenda kulipiga picha lilijengwa na mmoja wao, Charles Galigher.

Na huko huko wakaanza kuingia watu waliotoroka utumwani, toka Kentucky, toka Tennessee, toka Mississippi, kwa maelfu, wakawekwa kambini, wengine wakasafirishwa kaskazini zaidi na wengine wakabaki. Kabla ya vita weusi wa Cairo walikua wa kuhesabika, baada ya vita wakawa sehemu kubwa ya mji. Hili nalisisitiza kwa sababu stori nyingi zinaongea kama vile weusi walikuja kuukuta mji wa wenyewe. Hapana. Mji ulikua na watu elfu mbili na kitu, ndani ya miaka kumi ukakaribia mara tatu, na wao ni sehemu ya hiyo mara tatu. Waliujenga wakiwa ndani yake tangu ukiwa tope.

Sasa tuanze na mtuhumiwa wa kwanza, daraja. Wapenzi wa historia ya reli wanapenda sana hoja hii. Zamani treni ikifika Cairo inavunjwavunjwa, mabehewa yanapandishwa pantoni yanavushwa Ohio, na mji unakula kwa hiyo kazi. Oktoba 1889 Illinois Central wakafungua daraja la chuma, refu kweli kweli kwa wakati ule, treni ikaanza kupita juu bila kusimama. Mwaka 1905 likafunguliwa daraja lingine la reli juu ya Mississippi kule Thebes, kaskazini kidogo, na mizigo mingine ikaacha kabisa kupita Cairo. Hoja yenyewe ina akili ya mama ntilie wa stendi, abiria wakishuka kubadilisha basi unauza wali, basi likianza kupita moja kwa moja wali unalala. Inaeleweka. Shida ni kwamba kati ya 1890 na 1920 watu waliongezeka kutoka 10,324 hadi 15,203. Kwaiyo madaraja yaliuondolea mji ndoto ya kuwa Chicago, hilo sawa, lakini watu hayakuwaondoa, kulikua na mbao, kulikua na viwanda vya kusaga, kulikua na mto.

Mwaka 1909 siwezi kuupita. Tarehe 11 Novemba umati wa maelfu ya watu ulimnyang'anya sherifu mfungwa wake, mtu mweusi anaitwa William James aliyetuhumiwa kumuua mwanamke wa kizungu, Anna Pelley. Kesi haikusikilizwa. Wakamtundika kwenye tao la taa za umeme katikati ya mji, kamba ikakatika, wakampiga risasi nyingi, wakamchoma. Usiku huohuo wakaenda jela wakamtoa mzungu, Henry Salzner, aliyetuhumiwa kumuua mkewe, nae wakamuua. Illinois ilikua na sheria ya 1905 inayosema sherifu akinyang'anywa mfungwa akauawa na umati basi anapoteza cheo, gavana Charles Deneen akaitumia, sherifu Frank Davis akaomba arudishwe, na Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyekua anapigana na mauaji ya umati, akasafiri kutoka Chicago, akakusanya ushahidi mtaa kwa mtaa, akaenda kusimama mbele ya gavana kupinga. Sherifu hakurudishwa. Mwanamke yule alienda karibu peke yake kwenye mji ambao wiki chache nyuma ulikua umetoka kufanya yale, mi bado sielewi ujasiri ule unatoka wapi.

Mtu atasema haya basi, ndo ubaguzi ulioua mji. Ila sensa ya mwaka uliofuata ilikuta watu 14,548, karibu elfu mbili juu ya ile ya 1900, na 1920 wakazidi tena. Ukatili ule haukuwafukuza watu. Watu walibaki kwa sababu kazi ilikuwepo, na hiyo ndo sehemu inayokera ya hii stori, kwamba mji unaweza kufanya jambo kama lile na ukaendelea kukua kama kawaida.

Kwaiyo lini watu walianza kuondoka kweli kweli? Miaka ya 1930, ya mdororo mkubwa wa uchumi, mji uliongezeka kidogo, mana kama Chicago hakuna kazi hakuna sababu ya kwenda Chicago. Kinachofuata ndo chenyewe. Kati ya 1940 na 1960 Cairo ilipoteza watu 5,059, yaani asilimia 35. Rudia tena kichwani, asilimia 35, kabla ya mgomo wowote, kabla ya jeshi kuingia mtaani, kabla ya video yoyote ya drone kuanza kuhesabu. Viwanda vya vita na vya baada ya vita vilikua vinaita watu Chicago, St. Louis na Detroit, mashamba ya pande zile yakaanza kutumia mashine badala ya mikono, malori yakachukua mizigo ya reli, na mtoni zile meli za mvuke zilizokua zinasimama kila mji zikawa zimepisha matishari ya kusukumwa na dizeli, ambayo yanapita na shehena kubwa na hayana haja na mtu wa kwako. Matishari hayajaacha kupita pale, ndo kwanza ni mengi. Yanapita tu.

Na reli ileile. Kwa miaka mingi abiria mweusi aliyetoka Chicago kwenda kusini akifika Cairo alitakiwa ahamie behewa la weusi, kwa sababu ukivuka Ohio unaingia Kentucky na huko sheria ni ya kutengana. Ukiishi Cairo unaiona hiyo treni kila siku, upande mmoja inaenda mahali unapokalishwa nyuma, upande mwingine inaenda mahali penye mshahara. Sidhani kama kijana alihitaji ushauri.

Kilichofanyika ndani ya mji ndo kikaongezea. Weusi walikua zaidi ya theluthi ya wakazi lakini kazi za dukani, benki, ofisi za mji, zimamoto, hazikua zao. Kuanzia 1913 mji uliendeshwa na makamishna wanaochaguliwa na mji mzima kwa pamoja badala ya kata kwa kata, na kwa idadi ile ina maana mgombea mweusi hata akipata kura zote za mtaani kwake anaangushwa na mitaa mingine. Mfumo huo haukubadilika mpaka kesi ilipopelekwa mahakamani, na kata zikaja mwanzoni mwa miaka ya 80. Fikiria, kizazi kizima cha watu wenye akili na nguvu hakina mlango hata mmoja wa kuingilia. Wazungu vijana nao walikua wanaondoka kwa sababu zao, ila kwa mweusi mji wenyewe ulikua unamuonyesha kituo kiko wapi.

Miaka ya 60 ndo inayofahamika. Mwaka 1962 vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za weusi, walifika Cairo, John Lewis alikua mmoja wao, wakaandamana kwenye maeneo yaliyokua ya wazungu tu, mojawapo bwawa la kuogelea. Bwawa lilikua linaendeshwa kama klabu ya wanachama, na wanachama unajua ni kina nani. Ilipofika mahali kwamba wataruhusiwa wote, likafungwa, na baadae likajazwa zege. Mi katika kisa kizima hiki ndo kitu ninachokirudia kichwani, sababu hata anayebagua ana watoto, na Illinois ya kusini Julai ni joto la unyevu ambalo mtu wa Dar analijua vizuri, na wao wakaamua bora watoto wetu nao wasiogelee. Ligi ya besiboli ya watoto nayo ikavunjwa kwa staili hiyohiyo.

Julai 1967 askari mweusi wa miaka 19, Robert Hunt, alikutwa amekufa ananing'inia kwenye mahabusu ya polisi ya Cairo. Polisi wakasema kajinyonga. Watu wa mtaani hawakukubali, zikafuata siku za moto na risasi, jeshi la akiba la jimbo likaletwa. Wazungu wakaunda kikundi cha doria, mamia ya watu wenye silaha na kofia nyeupe, ndo wakaitwa hivyo, White Hats. Mwaka 1969 risasi zikawa zinapigwa kuelekea Pyramid Courts, nyumba za serikali walizokua wanaishi weusi, usiku baada ya usiku, na watu wa kule nao wakawa wanajibu. Hapo ndo ikazaliwa United Front chini ya mchungaji kijana Charles Koen, na ndo mgomo wa kutonunua ukaanza. Walichodai hakikua kikubwa: ukitaka hela yangu dukani kwako, niajiri na mimi. Wenye maduka wakakataa. Wengine walifunga biashara kabisa kuliko kumweka msichana mweusi kwenye mashine ya hela. Mgomo ukaenda miaka, na mtaa wa Commercial ukaanza kuzima taa.

Sasa rudi kwenye zile namba nilizokuomba usiziruke. Miaka ya 60 mji ulipoteza watu 3,071, karibu theluthi. Mgomo umeanza 1969 na sensa ya 1970 imefanyika Aprili, yaani karibu wote walioondoka muongo ule waliondoka mgomo haujazaliwa. Afu muongo uliofuata, ule wenye mgomo, wenye maduka kufungwa, wenye kesi na risasi na waandishi wa habari kila wiki, Cairo ilipoteza watu wangapi? 346. Asilimia tano na nusu. Ndo muongo wenye upotevu mdogo kuliko yote tangu 1940. Kama mgomo ndo uliua mji basi uliua kwa namna ya ajabu, marehemu alipunguza kuumwa.

Nisiwe mjanja sana lakini. Miaka ya 70 sehemu nyingi za vijijini Marekani zilipata afueni, watu walikua wanarudi rudi, kwaiyo 346 inaweza kuwa ni upepo wa nchi nzima umesaidia. Pili, jumla inaficha, watu wanaweza kutoka huku na kuzaliwa huku ikasomeka kama vile hakuna kilichotokea, na wenye hela wakitoka wakabaki wasio na hela mji unakua umeshaumia hata kama idadi haijashuka. Tatu, maduka yalikufa, hilo halina ubishi wowote, na mji bila maduka unakosa kodi. Ninachokataa ni kitu kimoja tu, kuchukua kifo cha maduka kukiita ni kuondoka kwa watu, alafu kuwabebesha mzigo wote watu waliokua wanaomba kazi. Kuomba kazi kwenye mji unaoishiwa kazi ni dalili, ugonjwa ulikua umeanza zaidi ya miaka 20 nyuma.

Baada ya hapo mambo yanaenda haraka na hayana hata haja ya kuelezwa sana. Mwaka 1978 daraja la haiwei 57 likafunguliwa, linavuka Mississippi pembeni ya mji, hata ndugu zetu wanaoendesha malori Marekani wengi wameshapita hapo bila kujua walichokipita. Hospitali ilifungwa 1986, kwaiyo kuanzia hapo ukitaka kujifungua ni mji mwingine, mara nyingi jimbo lingine. Miaka ya 80 asilimia 18 wakaondoka, ya 90 robo nzima, ya 2000 asilimia 22. Hakuna kisa kikubwa kinachoeleza hii miongo, hakuna risasi, hakuna mgomo, na watu waliondoka wengi zaidi kuliko wakati wa risasi. Wasimulizi wa mtandaoni hawaigusi kwa sababu haina picha.

Mwaka 2011 mji ulirudi kwenye habari. Mito yote miwili ilijaa, Ohio pale Cairo ukafika futi 61.7, rekodi, na ukuta una futi 64. Maji yakaanza kububujika kutoka chini ya ardhi ndani ya matuta, watu wakaamriwa kuondoka. Jeshi la wahandisi lina mpango wa tangu mafuriko makubwa ya 1927, kwamba hali ikifika hapo wanalipua tuta la Birds Point upande wa Missouri, maji yatanuke kwenye mashamba. Lilishawahi kulipuliwa 1937. Missouri wakaenda mahakamani kuzuia, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, wakashindwa, na usiku wa tarehe 2 Mei tuta likalipuliwa, ekari kama 130,000 zikaingia maji. Kabla ya hapo spika wa bunge la Missouri alikua ameulizwa na waandishi bora kizame nini, mashamba au Cairo, akajibu Cairo. Aliomba radhi baadae. Ila hiyo sentensi iliwafikia watu wa Cairo wakiwa wanapakia magodoro kwenye magari.

Kuna kitu hakisemwi sana hapo. Walioachiwa maji sio wenye mashamba makubwa tu, kulikua na kijiji cha weusi kinaitwa Pinhook, kidogo sana, kiliharibiwa chote. Kwaiyo mji mmoja wa weusi maskini ukaokolewa, kijiji kingine cha weusi kikazama. Mimi naona wahandisi walifanya uamuzi sahihi kwa hesabu ya watu, bado haimaanishi bili iligawiwa sawa.

Na tuta lilipookoa mji, miaka sita mbele nyumba zikaumaliza. Wakati ule sehemu kubwa ya waliobaki Cairo walikua wanaishi kwenye nyumba za mamlaka ya nyumba ya kaunti, majengo ya tangu miaka ya 40, hasa mitaa miwili ya Elmwood na McBride. Majengo yaliachwa yaoze: panya, kunguni, ukungu, wengine wanapasha nyumba joto kwa oveni ya jiko wakati wa baridi, na huku ukaguzi ukionyesha hela za mamlaka zilikua zinatumika ovyo na wakubwa wake. Wizara ya nyumba ya serikali kuu, HUD, ikaichukua mamlaka mwezi Februari 2016. Watu wakadhani sasa yatakarabatiwa. Aprili 2017 wakaitwa mkutanoni wakaambiwa hayakarabatiki, yatabomolewa, mtapewa vocha za serikali za kulipia pango mkatafute pa kupanga. Familia kama 185, watu kama 400, nusu yao watoto, kwenye mji wa watu wasiozidi 2,500. Vocha ni nzuri pale ambapo kuna nyumba za kupanga. Cairo hazikuwepo. Kwaiyo vocha ikawa tiketi ya kwenda Cape Girardeau, Carbondale, Paducah, popote. Waziri Ben Carson alikuja Agosti 2017, akawasikiliza, na uamuzi ukabaki palepale.

Shule ndo iliyoumia kwanza, ukitoa watoto wote hao kwa mara moja darasa linabaki na viti. Sensa ya 2020 ikaja kukuta 1,733, asilimia 39 wamepungua ndani ya miaka kumi, ndo upotevu mkubwa wa asilimia kuliko muongo wowote wa historia ya mji, kuliko miaka ya 60. Kaunti nzima ya Alexander ilishuka kutoka 8,238 hadi 5,240, na hakuna kaunti nyingine Marekani iliyopoteza asilimia kubwa namna hiyo muongo ule. Na 2022, sensa ikiwa imeshapita, ghorofa lingine la serikali, hili la wazee wengi, nao wakaambiwa watoke.

Ndo maana nasema ukipanga matukio kwa tarehe, mji wa Cairo una vifo viwili na hakuna hata kimoja kilichotokea 1969. Cha kwanza ni 1940 hadi 1970, kazi zikiisha huku mji unakataa kugawa zilizobaki. Cha pili ni 2017, na hicho hakikusababishwa na chuki ya jirani, ni barua ya ofisi. Ubaguzi upo kwenye vyote viwili, nani alikua anaishi kwenye hizo nyumba na kwa nini hakuwa na pa kwenda, hilo ni zao la yale yote ya nyuma. Ila ukisema tu "ubaguzi" ukaishia hapo unaifichia mamlaka ya nyumba na wizara sehemu yao, na hao ndo wa juzi tu.

Kilichobaki leo: maktaba ya Safford ya 1884, nzuri ajabu, jengo la forodha la 1872, mahakama ya kaunti, mana bado ni makao makuu ya kaunti, makanisa. Kwa miaka mingi hakukua na duka la chakula, watu walikua wanavuka mto kwenda kununua nyanya. Juni 2023 likafunguliwa duka la ushirika, gavana mwenyewe alikuja, na tangu mwanzo likawa linahangaika kupata wateja wa kutosha, jambo ambalo hesabu ya idadi ya watu ingeweza kukuambia mapema. Kwa wasiolijua hili, duka la chakula linahitaji watu wengi wanaorudi kila wiki, na waliokua wanarudi kila wiki ndo haohao waliopewa vocha.

Tumaini kubwa linalotajwa sa hivi ni bandari ya mtoni, jimbo liliahidi dola milioni 40 mwaka 2020 kwa ajili ya kituo cha kupakua makontena na shehena pale mito inapokutana. Kijiografia ina mantiki zaidi ya kitu chochote, ni lile wazo la 1837 limerudi. Ila mimi nikiisoma mipango yake swali langu ni la kitanda tu. Kazi zikija kesho, mfanyakazi analala wapi? Nyumba za kupanga hazipo, zilizobomolewa hazijajengwa nyingine za kutosha, na Cape Girardeau ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, ina hospitali, ina maduka, ina shule zilizojaa. Atafanya kazi Cairo na atalala Missouri, kodi ya nyumba yake italipwa Missouri, watoto wake watasoma Missouri, na sensa ya 2030 itamhesabu Missouri.